Kamera Yangu Iliona Kofia Tu

Mwaka jana niliibiwa magunia manne ya mahindi stoo, na kamera ilikuwepo. Niliifunga juu kabisa, chini ya bati, nikidhani ikikaa juu itaona zaidi. Tulipofungua picha na mwenyekiti wa kitongoji tuliona kofia na mabega. Sura hakuna. Mahindi yale yalikuwa ada ya mtoto.

Sasa nimeishusha. Ifunge mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, mkono wa mtu usifike, na ielekee mlango anaopita mwizi, si uwanja mzima. Ikitazama jua la asubuhi, mtu ataonekana kivuli tu. Isibanane na ukuta: usiku mwanga wake, ambao macho yetu hayauoni, hugonga ukuta na kurudi, picha ikawa nyeupe tupu. Utando wa buibui nao hufanya hivyo hivyo. Mimi hufuta lenzi kila Jumamosi. Ukimaliza, pita mlangoni mwenyewe usiku, kisha angalia kwenye simu kama unajitambua.

Na isichungulie kwa jirani. Wangu alinijia juu kwa kuwa ilielekea bafu lake, nami nikaigeuza siku ile ile.