Saa ya Shule na Kidude cha Miguu Sita

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maneno machache katika kurasa za Kiswahili, nami nimekubali kwa furaha, maana nina deni la zamani katika shule hii. Si deni la karo. Hilo baba yangu alilimaliza. Ni habari ambayo wakati ule waliijua watu wachache tu, na naona inafaa wadogo zangu mliomo madarasani leo muijue, hasa ninyi mnaopenda kufungua redio na simu ili mwone kilichomo ndani.

Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha tano, tena mwenyekiti wa chama chetu cha ufundi wa umeme. Wazee wa shule mtakumbuka ile saa kubwa ya tarakimu nyekundu iliyotundikwa nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Saa hiyo ndiyo iliyotawala maisha yetu. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa na kazi ya kuitazama, na wakati ukifika alikimbia hadi kwenye mwembe na kuigonga rimu ya gari iliyoning'inia pale. Tuliamka kwa rimu ile, tukala kwa rimu ile, tukaanza na kumaliza mitihani kwa rimu ile.

Lakini saa yenyewe haikuwa na akili yoyote. Ilipokea waya mmoja, na kila pigo moja la umeme lililofika katika waya ule ilihesabu kuwa ni sekunde moja. Pigo lisipofika, haihesabu kitu. Mapigo hayo yalitoka kwenye kristali ndogo inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ukiigawa hesabu hiyo kwa mbili, kisha tena kwa mbili, hata mara 15, utabaki na pigo moja tu. Hesabu ni nzuri, ila kristali si malaika. Ikikosea sehemu 20 tu katika milioni, saa hupotea karibu sekunde 1.7 kwa siku, na katika muhula wa siku 90 ni kama dakika mbili na nusu.

Basi mwalimu wetu wa fizikia akatuletea kipokezi kidogo cha GPS. Setilaiti za GPS zina saa za atomi ndani yake, na kipokezi kikizisikia vizuri hutoa pigo moja kila sekunde, sahihi kupita saa yoyote ya mkononi. Tulikiweka dirishani pa ofisi. Tatizo likawa moja: dirisha lile lilikuwa na kifuniko cha chuma, na kila jioni mlinzi alikifunga. Kikifungwa, kipokezi hakioni mbingu, na mapigo hukoma mpaka asubuhi. Kwa hiyo tulitaka mchana saa ifuate setilaiti, na usiku ifuate kristali, pasipo mtu kuamka kubadili waya. Tulikuwa na ishara mbili za dijitali na waya mmoja wa kuzipokea. Nani atachagua?

Mwenzangu mmoja alisema tutumie rilei. Ni kweli rilei hubadili waya, lakini ile tuliyokuwa nayo ilikula kama miliampea 70 muda wote inapovutwa, na ilipiga kelele kama panya darini. Mwalimu akatuambia tujaribu kwanza kwa milango minne ya NAND, ambayo yote imo katika chipu moja ya 74HC00. Tukafanya hivyo mezani, na nawashauri nanyi mfanye, maana hapo ndipo utaelewa. Mlango wa kwanza huigeuza amri, wa pili huruhusu ishara ya kwanza, wa tatu huruhusu ishara ya pili, na wa nne huziunganisha njia mbili kuwa moja. Lakini nyaya zilikuwa nyingi, na sanduku letu lilikuwa kisahani cha sabuni chenye kifuniko.

Ndipo mimi, kwa kiburi cha uenyekiti, nikafungua droo ya maabara nikakuta chipu ya 74HC157. Hiyo ni multipleksa, yaani kichaguzi kilichokwisha kutengenezwa: ukikipa amri ya chini kinapitisha ishara ya kwanza, ukikipa amri ya juu kinapitisha ya pili. Kusema kweli ndani yake mna vichaguzi vinne, navyo vina miguu 16. Sisi tulihitaji kimoja tu. Sikujali. Sikusoma karatasi yake ya maelezo zaidi ya ukurasa wenye mchoro wa miguu. Nilikipa volti 5, nikakibana ndani ya kisahani hata kifuniko kikakataa kufunga, nikakizungushia mpira. Amri ilitoka kwenye kijisakiti cha transista na kapasita ambacho kilikaa juu maadamu mapigo ya setilaiti yanafika, na kikashuka yakikosekana kwa sekunde mbili hivi. Nikaongeza na taa ndogo kwenye waya wa kipokezi, iwake kila sekunde, watu waone kazi yetu. Mwalimu Mkuu alitusifu mbele ya shule nzima. Nami nikatangaza kwamba tangu siku hiyo saa yetu haitakosea.

Wiki tatu baadaye ulikuja mtihani wa mwisho wa muhula. Asubuhi ya hesabu, kengele ya kuingia iligongwa kwa kuchelewa dakika nne. Msimamizi alikusanya karatasi kwa saa ya mkononi mwake, na wanafunzi wa kidato cha pili wakapoteza zile dakika nne. Malalamiko yalikuwa makubwa. Nani alaumiwe? Saa ilikwisha kusifiwa; kwa hiyo akalaumiwa kijana wa kengele. Ikasemwa alikuwa akicheza. Akavuliwa kazi yake, akapewa fyekeo akate nyasi nyuma ya mabweni kwa siku sita.

Mchana ule nililinganisha saa ya shule na simu ya mwalimu. Ilikuwa nyuma dakika nne kamili. Nilijua pale pale, lakini sikusema neno. Nilijiambia kwamba nitaitengeneza kimya kimya, na mambo yatasahauliwa. Siku ya pili nilipita nyuma ya mabweni, nikamkuta yule kijana ameinama, mikono ina malengelenge. Akanyanyua uso akaniambia, "Kaka, mimi niliitazama saa kama mlivyotufundisha." Hakuninung'unikia. Alidhani labda yeye ndiye hakuelewa kusoma tarakimu. Usiku ule sikupata usingizi.

Nikaichukua karatasi ya maelezo ya chipu, safari hii nikaisoma yote, na kosa langu lilikuwa limeandikwa humo kwa herufi ndogo. Chipu ya jamii ya HC ikipewa volti 5, haiahidi kuitambua ishara kuwa iko juu mpaka ifike karibu volti 3.5. Kipokezi chetu kilitoa volti 3.3 tu. Tena ile taa ya kujionyesha ilikuwa ikiinyonya ishara ile ile; fundi mmoja wa mjini alitupimia kwa osiloskopu, tukaona pigo linafika volti 2.7 tu. Kwa hiyo chipu ilikuwa katika mashaka: mara nyingi ililiona pigo, mara chache ikaliruka. Lakini ile transista iliyotoa amri haihitaji hata volti moja, ikaendelea kusema kwamba setilaiti ipo na mambo ni salama. Katika wiki tatu mna sekunde 1,814,400. Sisi tulipoteza 240 tu. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Asubuhi nilikwenda ofisini nikamweleza Mwalimu Mkuu habari yote, miguu ikitetemeka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umelijua jambo hili tangu lini?" Nikajibu, "Tangu juzi, Mwalimu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Kosa la chipu ningelisamehe. La siku mbili hizi, nyasi zilizobaki ni zako." Kijana yule akarudishiwa kazi yake mbele ya shule, nami nikafyeka siku nne. Sikuona uchungu, niliona mzigo umepungua.

Jioni, baada ya nyasi, tulikaa na mwalimu wetu tuchague upya. Safari hii hakuturuhusu kufungua droo kabla ya kujibu maswali aliyoyaandika ubaoni. Ishara ngapi zitachaguliwa? Mbili, kutoka moja. Zinakwenda upande mmoja au pande zote mbili? Mmoja. Kila moja ina volti ngapi? Kristali 5, kipokezi 3.3. Anayepokea anahitaji ngapi? Mlangoni pa saa palikuwa na transista, kwa hiyo 3.3 zinatosha. Nafasi ni kiasi gani? Upana wa kidole gumba. Na la mwisho, mikono yetu inaweza kulehemu kitu kidogo kiasi gani?

Baada ya maswali hayo, vilivyofaa vilibaki vichache. Yupo ndugu wa chipu yetu aitwaye 74HCT157; ameongezewa herufi T tu, naye kwa volti 5 huridhika na ishara ya volti 2.0. Angetuponya, lakini ana miguu ile ile 16, na kisahani kisingefunga. Kipo kidude cha 74LVC1G3157 chenye miguu sita. Hiki ni swichi: huunganisha waya na waya, na ishara huweza kupita kwenda na kurudi, lakini haiongezewi nguvu, ikiingia dhaifu hutoka dhaifu. Na kipo cha 74LVC1G157, miguu sita vilevile, ambacho ni kichaguzi kimoja tu. Hiki huisoma ishara, kisha huitoa upya kwa nguvu ya umeme wake chenyewe. Ukikipa volti 3.3 hutambua ishara kuanzia volti 2.0, na pembejeo zake huvumilia hata volti 5.5, kwa hiyo kristali yetu ya volti 5 haitakiunguza. Hicho ndicho tulichokitaka.

Angalieni majina hayo mawili yanavyofanana, tena miguu yake imepangwa kwa namna moja. Muuzaji alitupa kwanza kile cha 3157, akisema ni mamoja. Kama ningekuwa yule wa wiki zilizopita ningelipa nikaondoka. Safari hii nilisoma, nikakirudisha kwa adabu.

Tena kidude hiki hutengenezwa kwa maumbo kadhaa. Lile dogo lina mwili wa milimita 2 kwa 1.25, na kati ya mguu na mguu ni milimita 0.65. Kubwa lake kidogo lina urefu wa milimita 2.9, na nafasi ya milimita 0.95 kati ya miguu. Tulichagua hili la pili, kwa sababu pasi yetu ya kulehemu ilikuwa na ncha nene, na macho yetu hayakuwa ya tai. Kidogo kinachotosha ni bora kuliko kidogo kupita kiasi. Hata hivyo cha kwanza tulikiunguza. Cha pili kilishika. Taa ya kujionyesha tukaing'oa. Kifuniko cha kisahani kikafunga kwa sauti ndogo, tak!

Siwafichi kwamba hata hapo hatukupata ukamilifu. Kichaguzi hiki hakingoji. Amri ikibadilika katikati ya pigo, huweza kuzaliwa pigo la ziada au kupotea moja. Dirisha linapofungwa na kufunguliwa, sekunde moja moja ingeweza kwenda. Tuliandika jambo hilo kwenye karatasi, tukaibandika kando ya saa, na kila Jumatatu kijana wa kengele aliilinganisha saa na simu ya mwalimu na kuandika tofauti. Mpaka nilipomaliza shule, tofauti haikuzidi sekunde tano kwa wiki.

Karatasi ile ndiyo ninayojivunia kuliko chipu. Mwanzoni nilitangaza kwamba saa haitakosea, na kwa tangazo hilo mtoto wa watu akaadhibiwa, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuitilia shaka saa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi, wadogo zangu, mkichagua kidude chochote, kiwe na miguu 16 au sita, someni karatasi yake mpaka herufi ndogo. Na kazi yenu ikikosea, semeni siku ile ile, kabla mwingine hajapewa fyekeo.

Yule kijana wa kengele sasa ni mtu mzima, nasi tunaandikiana. Kila akiniandikia huanza kwa kutaja saa na dakika, kisha huuliza, "Kaka, yako inasemaje?"