Nani Ameshika Kitufe?

Nilipoanza kazi ya kupiga picha za eksirei, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyeniuliza leseni. Nilitoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli ya MV Clarias, nikateremka Mwanza na cheti changu cha kidato cha nne, na hospitali moja ya mjini ikanipokea kuwa msaidizi katika chumba cha picha. Mafunzo yangu yalikuwa ni kusimama nyuma ya mzee mmoja aliyeianza kazi hiyo tangu enzi za mkoloni, nikitazama mikono yake.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini uhaba ulikuwa umebaki. Filamu zilikuja kwa mgao, dawa za kuzisafishia tuliziongeza maji kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa, na umeme ulipanda na kushuka utakavyo. Umeme ukipungua, picha hutoka hafifu. Daktari haoni kitu, na mgonjwa hurudishwa mezani kupigwa mionzi mara ya pili. Mzee alinizoesha kuutazama kwanza mshale wa mita. “Kijana,” alikuwa akiniambia, “kidole hakina haraka.” Alikuwa fundi kweli, lakini kwa nini tusimame nyuma ya ukuta wakati wa kupiga picha, hakuwahi kunieleza. Naye hakuwahi kuelezwa.

Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Kinga ya Mionzi mwaka 1983, Sheria Namba 5, na kuunda Tume ya Taifa ya Mionzi yenye makao yake Arusha. Sisi tuliokuwa kwenye chumba chenye giza hatukuijua. Miaka ilipita ndipo habari zikatufikia: kila mwenye mashine ya mionzi aiandikishe, na kila anayeiendesha awe amefunzwa na avae beji ya kifuani inayopima mionzi aliyoipokea. Beji zikawa zinapelekwa kusomwa, kisha majibu yanarudi yakiwa tarakimu mbele ya jina lako. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba mwili wangu nao una hesabu inayoandikwa.

Nilipopelekwa kozi ya kinga ya mionzi, Chernobyl ilikuwa bado gumzo. Kinu kile cha Ukraine kililipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, na sisi tulikuwa tumeisikia habari hiyo redioni kama tunavyosikia mambo ya mbali. Darasani ikawa karibu. Tulifundishwa nguzo tatu: punguza muda, ongeza umbali, weka kizuizi. Ukiuongeza umbali mara mbili, mionzi hupungua hadi robo. Kipimo cha juu kwa mfanyakazi kilikuwa milisiveti 50 kwa mwaka. Baadaye dunia ikakishusha hadi wastani wa 20. Mwalimu alitusisitizia kwamba wataalamu wale wa Chernobyl walikuwa wasomi, wakifanya jaribio lililopangwa. Kasoro ya fimbo za kukizima kinu chao ilikuwa inajulikana kwa baadhi ya wakubwa, lakini haikuwa imeelezwa ipasavyo kwa walioshika vitufe.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile mkaguzi alipofika hospitalini kwetu. Alipima mionzi inayovuja mlangoni, akakagua aproni za risasi kama zimepasuka, akafungua daftari la wagonjwa. Kisha akauliza, “Zamu ya usiku hubonyeza nani?” Tukatazamana. Ukweli ni kwamba usiku, mtaalamu akiwa amekwenda nyumbani, alibonyeza mlinzi. Alikuwa ameonyeshwa, na picha zake hazikuwa mbaya.

Mkubwa wetu akamtetea. “Huyu tunamwamini, ndugu mkaguzi.”

“Simtilii shaka,” mkaguzi akajibu. “Lakini hajapimwa.”

Chumba kikafungwa usiku mpaka apatikane mwenye sifa. Watu walinung’unika, na walikuwa na haki. Aliyevunjika mguu usiku alingoja kuche au akatafutiwa gari la kumpeleka kwingine. Niliona akina mama wakilia barazani kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana. Hata hivyo agizo lile halikubatilishwa, na baada ya muda hospitali ikawasomesha vijana wawili ambao mkubwa wetu alikuwa amesema hakuna fedha ya kuwasomesha. Fedha ilipatikana mlango ulipofungwa.

Nimestaafu, nimerudi Nansio. Tume ile ya Arusha nayo ilirithiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Mambo haya yamenirudia kwa sababu ya habari kutoka ng’ambo ya ziwa letu, Victoria. Kenya inakusudia kujenga kinu cha umeme wa nyuklia. Kwanza ilitajwa Uyombo, kule Kilifi, wananchi wakapinga. Sasa macho yameelekezwa Siaya, ukingoni mwa maji haya haya tunamovua sangara na dagaa. Uganda nayo ina mpango wake Buyende. Vijana wakikutana nami sokoni huniuliza, “Shikamoo babu, kile kinu hakitatuua?” Nami huwaambia waulize kwanza nani ataketi mbele ya vitufe vyake.

Kule vinakojengwa vinu, swali hilo lilijibiwa kwa gharama. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha Three Mile Island nchini Marekani, vali moja ilikwama wazi, maji ya kupoza yakawa yanatoka. Taa ya ubaoni ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetolewa. Haikuonyesha kama vali yenyewe imefunga. Waendeshaji wakadhani maji yamezidi, wakapunguza yale yaliyokuwa yakiingia kuokoa kinu, na karibu nusu ya kiini chake ikayeyuka. Walikuwa na leseni, lakini mafunzo hayakuwa yamewaonyesha hali ile. Tangu hapo mafunzo yakabadilika: chumba cha mfano kinachofanana na kile halisi mpaka taa ya mwisho, mitihani ya kuandika, ya mdomo na ya vitendo, na kupimwa upya kila baada ya muda. Leseni huko hutolewa na mdhibiti wa serikali, si na mwenye mtambo.

Mfano wa karibuni zaidi uko Ghuba, wanakoishi ndugu zetu wengi. Kinu cha kwanza cha Barakah, Falme za Kiarabu, kilitarajiwa kuwaka 2017. Kiliwashwa Agosti 2020, na sababu mojawapo ya kuchelewa ilikuwa kwamba waendeshaji hawakuwa tayari. Nchi yenye fedha kama ile ilikubali kukiacha kikae kimya kuliko kukikabidhi kwa mikono isiyopimwa.

Sisi wa Ukerewe hatuhitaji kufundishwa na Waarabu wala Wamarekani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wa kivuko hicho ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Rais Magufuli aliliambia taifa kwamba nahodha hakuwamo, na usukani alikuwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo. Nilipolisikia neno lile nilimkumbuka mkaguzi wetu na mlango wake uliofungwa.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa nchi zote tatu zinazolinywa ziwa hili. Kabla ya kutuonyesha michoro ya kinu, tuonyesheni shule ya watakaokiendesha. Mwenye kuwapa leseni asiwe mwajiri wao, na awe na nguvu ya kufunga mlango hata kama taifa zima linangoja umeme. Leseni irudiwe kupimwa maisha yote ya kazi. Na Tanzania na Uganda zipewe nafasi ya kuuliza na kujibiwa, kwa sababu maji hayana mpaka. Yakitimizwa hayo, mimi mzee wa Nansio sitakuwa na neno juu ya kinu cha Siaya.