Kipara cha Kando ya Kisima

Kando ya kisima chetu palikuwa na kipara cha ardhi, upana wa mkeka mmoja hivi. Nilikitengeneza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimetumwa kuosha bomba la kupulizia dawa ya magugu. Mama aliniambia niende kuliosha mbali, kule mwisho wa miwa. Nikaona uvivu. Nikamwaga mabaki palepale, nikasuuza, nikaenda zangu kucheza mpira.

Baada ya siku kadhaa sukuma wiki za Mama zikaanza kuwa njano, kuanzia ukingoni mwa majani. Zikakauka zote. Sukuma hizo ndizo zilizonunua chumvi, sabuni na madaftari yangu. Akaniuliza kama nilimwaga dawa pale. Nikasema hapana, labda ni ugonjwa.

Dawa yenyewe ilikuwa atrazini. Nililiona jina kwenye kopo, lakini maana yake nilikuja kuijua ukubwani. Huuzuia mmea kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mahindi na miwa huihimili kwa sababu yana njia ya kuivunja makali; sukuma haina. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2004 kwa kuhofia maji ya ardhini.

Juzijuzi, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na habari za bakteria wanaoila. Mwaka 1995 watafiti wa Minnesota, Marekani, walieleza kuhusu bakteria wa jamii ya Pseudomonas waliopatikana kwenye udongo wa mahali palipomwagika dawa ya magugu. Hawa huifanya atrazini kuwa chanzo chao cha nitrojeni. Kwanza huing'oa klorini, na kinachobaki hakiui tena magugu. Kisha huendelea kuimega vipandevipande. Mwaka 2009 wakaelezwa wengine, wa jamii ya Arthrobacter, kutoka udongo wa miwa wa Kenya. Udongo kama wetu!

Kilichonishika ni mahali wanapotafutwa: palepale palipopuliziwa mwaka baada ya mwaka. Yaani udongo hujifunza kula kile tunachoulisha, hata kama ni sumu.

Nakiri nilitaka kujificha nyuma yao. Kipara kile kilishaota nyasi zamani. Huenda ni kazi ya bakteria, huenda ni mvua tu iliyoisukuma dawa chini. Mimi nikachagua bakteria, nikajiambia deni limelipwa. Halafu nikampigia Mama simu, nikamweleza yote, kuanzia bomba.

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hao wadudu wako," akasema, "wanafika mpaka chini kisimani?"

Ikabidi niseme ukweli. Wengi huishi udongo wa juu, penye hewa na chakula. Chini majini ni wachache, na kazi huenda polepole mno. Na maji ya kisima kile Mama anayanywa mpaka leo.

"Basi usiwasifu sana."

Nikamwahidi nitayapeleka maji yakapimwe. Nikamwomba msamaha, wa sukuma na wa ule "ugonjwa".

"Ukija likizo," akasema, "utanilimia bustani nyingine. Na bomba utaliosha mwisho wa miwa, kama nilivyokuambia."