Safari ya Bwejuu na Pampu Inayolia

Bwejuu ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, kilichoko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, zaidi ya kilomita 50 kutoka Mji Mkongwe. Ukitoka mjini unapita Mwanakwerekwe na Tunguu, kisha unaingia katika msitu wa Jozani, ambako kima punju huvuka barabara bila kumjali dereva. Baada ya Kitogani unafika Paje. Hapo ukishika kulia unakwenda Jambiani. Ukishika kushoto unafika Bwejuu.

Maisha ya hapa huongozwa na bahari. Maji yakipwa, akina mama hushuka pwani na kamba, vigingi na magunia kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara katika pwani hii mwaka 1989, na hadi leo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wengine hufukia makumbi ya nazi ufukweni, huyaacha miezi kadhaa yalainike, kisha huyaponda na kusokota kamba. Mama wa Bwejuu hujua siku za bamvua na siku za maji mafu, wala hangoji kukumbushwa.

Sauti ambayo mjini huisikii

Kwa vile kijiji ni kimya, ni hapa watu wengi husikia kwa mara ya kwanza magonjwa ya magari yao. Katika ziara yetu moja tulikuwa akina mama watatu na mtoto mmoja, na mwenzetu mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane. Alasiri, dereva alipowasha gari ili turudi, tulisikia mlio mwembamba chini ya siti ya nyuma, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Mlio huo hutoka kwenye pampu ya mafuta. Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi, pampu hiyo huendeshwa kwa umeme na hukaa ndani ya tangi. Kazi yake ni kusukuma petroli hadi kwenye injini. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, katika magari mengi utasikia mvumo mdogo wa sekunde mbili hivi. Huo ni uzima. Mlio mkali unaoendelea njia nzima ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa ukiachwa, pampu hufa na gari huzimika. Mbele yetu kulikuwa na msitu wa Jozani, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Si mahali pa kukwama usiku na mama mjamzito.

Anza na yaliyo rahisi

Sisi wauguzi hatumpeleki mgonjwa kwenye upasuaji kabla ya kumpima joto na kumuuliza anaumwa wapi. Fundi kijana tuliyeitiwa alifuata mwendo huo huo. Kwanza alitazama geji ya mafuta. Mshale ulikuwa chini kabisa. "Mama, hii pampu haijafa, ina kiu tu," alisema. Akatueleza kwamba petroli ndiyo inayoipoza pampu na kuilainisha. Mafuta yakipungua sana, pampu huvuta hewa, hupata moto na kulia. Tulipoongeza lita kumi, mlio ulipungua, lakini haukwisha.

Pili, alitenganisha waya wa hasi wa betri, akainua siti ya nyuma na kukagua plagi ya waya za pampu. Ilikuwa na kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya pwani hula shaba, na pampu isiyopata umeme wa kutosha huhangaika. Kwa msaada wa mita fundi huweza kujua: kama betri ina volti 12 na kwenye pampu zinafika 10 tu, kasoro iko njiani. Alisafisha plagi kwa msasa, akaifunga vizuri, akarudisha waya wa betri. Gari lilipowashwa, nyuki alikuwa amenyamaza.

Tatu, alimshauri dereva abadilishe filta ya mafuta akifika mjini. Filta iliyoziba huilazimisha pampu kusukuma kwa nguvu, hasa kama gari limewahi kujazwa petroli ya madumu yenye uchafu. Mlio ukibaki baada ya hayo yote, ndipo fundi apime msukumo wa mafuta na kuamua kama pampu mpya inahitajika. Anayeanza na pampu mpya huweza kutumia fedha za ada ya mtoto bila kuondoa kasoro.

Usalama wa familia

Tangi likifunguliwa, pasiwepo sigara wala jiko la mkaa karibu, na watoto wakae mbali. Kazi hiyo ifanyike nje, penye hewa, na ifanywe na fundi. Mtu yeyote asivute petroli kwa mdomo kupitia mpira, kwa kuwa ikiingia mapafuni huleta madhara makubwa. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa kama dawa; mkimbize hospitali mara moja.

Mama mwenzangu, ukipanga kwenda Bwejuu, jaza mafuta mjini na usiache tangi lishuke chini ya robo. Zima redio dakika chache usikilize gari. Ulizia mapema maji yatakupwa saa ngapi, vaa nguo za heshima, na uwasalimie wazee kabla ya kupita kwenda pwani. Panga kuondoka kijijini mapema, ili giza likukute umekwisha kuvuka msitu.