Herufi D

Mnunuzi alitoka Nairobi kuja Moshi kuiona Volkswagen Beetle ya marehemu baba, ya mwaka 1968. Hakuiwasha. Hata rangi hakuisifia. Alifungua mfuniko wa nyuma, akapiga magoti na kusugua kwa tambara lenye petroli sehemu moja tu ya bloku, chini ya pale dainamo inapokalia. Volkswagen walikuwa wakigonga namba ya injini hapo.

“Kadi inasema H, ndugu yangu. Hii ni D.”

H ni injini ya cc 1,493. D ni ya cc 1,192. Kwa wakusanyaji wa magari ya kale, tofauti hiyo ni kesi nzima: injini ilizaliwa na gari, au ilihamia? Namba pekee haitoshi kuwaridhisha. Wanakagua mpaka chuma chenyewe, maana ukiona mikwaruzo ya tupa, au tarakimu zimepinda, ujue kuna mtu amefuta na kugonga upya. Yetu haikuguswa. D kavu, haina hata aibu.

Aibu ilikuwa yangu. Mimi mwandishi wa habari, mtu wa kuthibitisha kila kitu mara mbili, nilikuwa nimeandika kwenye tangazo “injini yake ya kwanza” kwa sababu tu baba alisema hivyo.

Dalali akanivuta pembeni. “Kaka, hiyo namba fundi anaibadilisha jioni moja tu.” Nilikaa kimya muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Usiku nikamuuliza mama. Aliendelea kuchambua mchele.

“Ile nyingine aliiuza kwa mtu wa Kombi, Arusha. Januari ile ulipoenda bweni, kidato cha kwanza. Hii aliitoa kwenye gari lililopata ajali. Alisema usiambiwe.”

Kadi hakwenda kuibadilisha. Nikakumbuka kwamba ni likizo ya mwaka huohuo ndipo alipoanza kupanda Marangu kwa gia ya pili, malori yanatupita, yeye anasema anaionea huruma injini. Mimi nilikuwa nazama kwenye kiti nisionekane.

Asubuhi nilirekebisha tangazo: injini ni D, si ya kwanza. Mnunuzi akashusha bei, tena sana. Nilipomuuliza mama tufanyeje, naye akaniuliza kama ile Kombi bado inatembea.