Jeep hii itaturudisha nyumbani?

Siku moja simama Goma pale rond-point ya Chukudu saa za asubuhi, uhesabu jeep zinazopita. Mimi nimehesabu nikachoka. Kuna nyeupe za mashirika, kuna nyeusi za wakubwa zenye vioo vya giza na janti zinazong'aa sawa sahani za arusi. (Sisi huku kila motokari yenye miguu mirefu tunaiita jeep, hata kama haikutoka kwa Jeep.) Kando yao anapita mwenye chukudu na magunia yake ya makala, jasho linamtoka. Vijana wanaangalia jeep, nami siwezi kuwalaumu, kwa sababu hata mimi mzee wa kazi naziangalia.

Niliendesha na kutengeneza motokari za misheni miaka 22, tangu 1998 hadi 2020. Ndiyo maana kijana mmoja wa kwaya aliniuliza nyuma ya misa: “Papa, hizi jeep za bei kali zinaweza kweli kufika Masisi? Ao ni za kujionyesha tu?” Nilicheka, nikamwahidi jibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na ndani yake kuna kosa langu. Wacha nilieleze hapa, wengine nao wasome.

Kwanza tukumbuke zilikotoka. Wakati wa vita ya pili ya dunia Wamarekani walitengeneza jeep ya askari, ndogo, wazi, nyepesi. Vita ilipokwisha wengine wakafuata. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa nne 1948. Ilikuwa motokari ya mkulima, na kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza nyuma ya vita, bati zake zilifanywa kwa aluminyumu. Toyota walianza yao 1951, na mwaka ule ule shofere wao mmoja akapanda nayo mlima Fuji hadi kituo cha sita. Motokari zile hazikuwa na raha hata kidogo. Mgongo wa aliyezipanda unajua. Lakini kila kitu ulikiona kwa macho, na ukikiona unaweza kukifungua. Hata Range Rover, ambayo leo ni kiti cha wafalme, ilipotoka 1970 ndani yake ilikuwa plastiki, ili mwenye shamba aioshe kwa maji. Nchi yetu nayo iliwahi kuzipima: mwaka 1983, wakati wa Zaïre, mashindano ya Camel Trophy yalikuja huku na Land Rover za kale.

Kiisha wenye feza wa mijini walipenda kukaa juu, lakini hawakupenda kutikiswa. Viwanda vikawasikia. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016. Mpya ilionyeshwa 2019, inatengenezwa Slovakia, na haina tena ile chasi ya chuma iliyolala chini sawa ngazi. Toyota Land Cruiser 300 ilitoka 2021, na zingine sherti uweke kidole ndipo ziwake. Nilipoambiwa hilo niliangalia vidole vyangu vya grisi, nikanyamaza.

Lakini tusiseme uongo. Defender mpya inaweza kupita katika maji ya sentimetre 90. Ya zamani kipimo chake kilikuwa 50. Ordinatere yake inahamisha nguvu kutoka gurudumu moja hadi lingine upesi kuliko mguu wa shofere yeyote. Kwa kupanda tu, mpya inaishinda ya zamani. Wazee wenzangu wa garage hawapendi kusikia neno hili. Mimi nimeona kwa macho yangu, na nitawaambia nilionea wapi.

Ilikuwa mwezi wa nne 2019, mvua kila siku, mbele vita haijarudi katika vilima vile. Mdogo wangu alikuwa negosia wa koltani, ananunua Rubaya, anauzisha Goma. Mwaka ule kazi ilimjibu, akanunua jeep iliyotumika kidogo, kutoka Dubai. Sitataja aina yake. Walioitengeneza hawako hapa kujitetea. Viti vilikuwa vya ngozi, vinapashwa moto kwa umeme. Mipira yake ilikuwa mipana lakini myembamba kwa kimo, imeng'ang'ania janti sawa kofia ya kubana. Na badala ya resori za chuma, ilikaa juu ya mifuko ya mpira yenye hewa.

Mama yetu alikuwa kijijini ng'ambo ya Mushaki, kwa dada yake. Simu ikaja asubuhi: mama anaumwa tumbo tangu jana, anatapika, hawezi kusimama. Motokari ya misheni ilikuwa safarini Rutshuru. Mdogo wangu akaniambia: “Yaya, twende na yangu. Hii haiogopake barabara.” Nikapanda. Na hapa njo kosa langu: mimi fundi wa miaka mingi sikufungua nyuma kuangalia mpira wa akiba. Motokari ya mtu mwingine yeyote ningeifungua. Ya mdogo wangu ilikuwa inanukia upya, nikaona haya.

Tulipanda ajabu. Nyuma ya Sake, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Mushaki, Fuso mbili zilikuwa zimelala matopeni, vijana wanasukuma, makonvwayeri wanapiga kelele. Mdogo wangu alibonyeza kitufe kimoja, jeep ikajiinua yenyewe sawa ng'ombe anayesimama, tukapita kando yao polepole bila kuteleza. Watu walipiga makofi. Mimi nami nilifurahi, sitaficha. Saa nane tulifika. Tulimlaza mama katika kiti cha nyuma, tukawasha moto wa kiti, akafunga macho.

Kurudi ndiko kulitushinda. Mvua ilikuwa imeanza tena. Pahali penye mawe ya kuchongoka, jiwe moja lilikata mpira wa mbele ubavuni, pale ambapo hauzibiki, na mfuko wa hewa juu yake ukapasuka nao. Jeep iliinama upande mmoja, kiisha ikashuka hadi tumbo likagusa barabara. Taa nyekundu na za manjano zikajaa mbele yetu sawa mti wa Noeli. Tulifungua nyuma. Mpira wa akiba hapana. Kulikuwa chupa ndogo ya povu na kitabu. Povu lile linaziba tundu la musumari. Katika tundu hili vidole vyangu vinne viliingia. Mdogo wangu alisoma kitabu chini ya mwanga wa simu. Kilisema tuite garage. Rezo haikuwepo.

Saa kumi na mbili giza likaanza. Tulizima kila kitu ili batri isiishe, kiti cha mama kikapoa, akaanza kutetemeka. Vijana wa kijiji cha karibu walikuja na kipoyi, tayari kumbeba mabegani hadi Sake. Tukaanza kuongea bei. Ndiyo, msomaji, tuliongea bei, mama yetu akiwa analia ndani ya motokari yenye thamani ya nyumba. Hapo tukasikia moteri inateremka nyuma yetu, kwa sauti ninayoijua hata usingizini. Ilikuwa Land Cruiser ya zamani, pick-up, mlango mmoja wa rangi nyingine, imejaa magunia ya viazi, jibini za Masisi na watu wapata kumi na watano juu.

Shofere aliangalia jeep yetu inavyolala. Hakucheka. Aliwaambia waliokaa mbele: “Bamama, mushuke. Muweke mugonjwa hapa.” Hata feza hakuuliza mpaka tulipofika Goma. Mbele ya Sake mpira wake nao ulipasuka. Watu wote wakashuka, wakaweka kriki juu ya jiwe, wakafunga mpira mwingine usio na meno tena, wakapanda, tukaendelea. Kazi ile yote haikufika nusu saa.

Mama alipasuliwa usiku ule. Ilikuwa apandisiti iliyopasuka ndani. Daktari alituambia kwamba tungechelewa hadi asubuhi, asingetusubiri.

Jeep ilibaki mlimani siku sita, vijana wanailinda na kila usiku tunalipa. Iliteremshwa juu ya lori. Fundi wa kwanza hapa Goma alileta valizi, ni kusema ile ordinatere ndogo inayosoma ugonjwa wa motokari. Valizi yake haikuijua aina ile. Wa pili aliisoma, akasema mfuko wa hewa sherti uagizwe Dubai. Tulingoja miezi miwili. Mwishoni mdogo wangu aliiuzisha kwa hasara kubwa, na mwaka mzima hatukuongea vizuri, kwa sababu nilisema juu yake mbele ya watu neno ambalo ndugu hamwambii ndugu, kana kwamba mimi nilikuwa nimefungua ule mlango wa nyuma. Aliyetupatanisha ni mama mwenyewe.

Kuna jambo nililolifikiri sana wakati ule, na ninyi wa sehemu za machimbo mtalielewa kuliko wengine. Koltani inatoa tantale. Kwa tantale wanatengeneza vipande vidogo sana vya kutunza umeme, ndani ya simu, ndani ya ordinatere, na ndani ya visanduku vya umeme vya motokari za kisasa. Basi jiwe linatoka Rubaya juu ya mgongo wa kreseri, linavuka bahari, linasafishwa, linaweza kurudi limefichwa ndani ya jeep ya ngozi, na linakwama matopeni katika barabara ile ile lililotokea. Kutoka Rubaya hadi Goma ni yapata kilometre 60 tu.

Sasa jibu la yule kijana. Jeep ya kisasa inaweza kufika Masisi. Nguvu iko. Lakini inatembea na kamba ndefu nyuma yake: valizi, duka la Dubai, mipira ambayo haiuzwi Sake, na mazutu safi. Hiyo ya mazutu watu wengi hawaijui. Ulaya, tangu 2009, mazutu ya motokari sherti iwe na sulfuri isiyozidi sehemu 10 katika milioni, na moteri mpya zimefanywa kwa mazutu ya namna hiyo. Pampu zake zinaisukuma kwa nguvu kupita mara elfu moja ya hewa tunayovuta, katika matundu membamba sana. Maji kidogo ao vumbi kidogo, imekufa. Na sisi mara nyingi tunanunua katika bidon kando ya barabara. Nani amepima bidon? Ile moteri ya Toyota wanayoiita 1HZ, silinda sita, litre 4.2, bila turbo, iliyotoka 1990, nimeinywesha mazutu ya ajabu niliyochuja kwa kipande cha pagne. Ilikohoa, ikaenda.

Lakini msiseme kwamba nasifu kila kitu cha zamani. Katika zile Land Cruiser za zamani watu wanakaa nyuma kwa mabenchi ya kutazamana, bila mkanda, bila mfuko wa hewa wa kuokoa kichwa. Ikipinduka, inamwaga watu. Nimezika mashofere wenzangu wawili, na katika jeep ya kisasa labda wangetoka na mkono uliovunjika. Tena angalia bei. Land Cruiser 70, iliyoanza 1984, inatengenezwa hadi leo, na mashirika ya kimataifa yanaziagiza nyingi kupitia Gibraltar. Lakini mpya yake ni bei ya shirika, si ya parokia. Hivi hata motokari ya taabu imegeuka ya tajiri, na mazao ya Masisi yanashushwa na Fuso zilizochoka, na motari, na chukudu.

Mwezi uliopita kamati ya parokia iliniita. Mtu mmoja alitaka kutuuzishia jeep nzuri sana, nyeusi, kwa bei ya kirafiki, na vijana wa kamati walikuwa wameisha kupiga nayo picha. Niliizunguka mara moja. Niliomba afungue nyuma, nikauliza mpira wa akiba uko wapi. Akanionyesha chupa. Nilimshukuru, nikaaga.

Mama yuko, anatembea kwa fimbo. Nilimsomea maneno haya mbele ya kuyaleta kwa wahariri, kwa kuwa yanamhusu. Alisikiliza yote hadi mwisho, kiisha akaniuliza: “Na kile kiti cha moto, kinapatikanaka wapi?”