Kuvua Samaki Chini ya Barafu: Nasaha kwa Wanaoanza



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, sisi tunaoandika maneno haya ni wazazi wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki, na makazi yetu ni Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Tumekulia penye ngalawa, dema na mshipi, lakini kutembea kwa miguu juu ya ziwa tumekujulia huku. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 11,000, na baridi ikishika sawasawa, mengi huganda mpaka mwezi wa Machi au Aprili. Watoto wetu husikia habari za uvuvi huu kwa wenzao shuleni, nao hutaka kwenda. Tukiwakataza bila ya kuwafundisha, watakwenda kwa siri, na barafu haina muhali na mtu. Basi twaenda pamoja nao.

Kwanza, ijue barafu. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na joto la digrii 4. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi, hupanda juu na kuganda. Kwa hekima ya Mwenyezi Mungu, ziwa huganda juu na chini hubaki maji, na samaki wakaishi. Mtu anayetembea kwa miguu anahitaji barafu mpya, safi, isiyopungua sentimita 10. Ikiwa ni nyeupe kwa theluji, nguvu yake ni kama nusu, basi iwe nene mara mbili. Usitegemee nyayo za waliotangulia. Pima mwenyewe kila baada ya hatua kadhaa. Jihadhari na midomo ya mito, chemchemi na chini ya madaraja, kwani maji yanayotembea huila barafu kwa chini. Hakuna barafu ya kuaminiwa moja kwa moja.

Pili, usiende peke yako. Kila mtu avae koti la kuokolea na aning'inize shingoni vishikizo viwili vya mti vyenye misumari. Ukitumbukia, geukia upande uliotoka, kwani barafu ya huko ilikubeba. Piga miguu kama anayeogelea, choma misumari kwenye barafu, ujivute. Ukishatoka usisimame, bingirika mpaka mbali. Aliye juu asimkimbilie mwenzake: alale kifudifudi, amtupie kamba, na msaada uitwe kwa nambari 911.

Tatu, vyombo. Tundu hutobolewa kwa keekee ndefu ya barafu, na upana wa sentimita 15 watosha. Vipande vinavyoelea huchotwa kwa upawa wenye matundu. Ufito wa kuvulia ni mfupi, hata sentimita 60, na mshipi uwe mwembamba. Funga ndoana ndogo yenye kichwa cha risasi, kisha utie chambo cha funza au kisamaki kidogo.

Nne, mjue samaki mwenyewe. Jina lake kwa Kiingereza hufanana na la sangara wa Ziwa Victoria, lakini hawa wawili si jamaa wa karibu. Sangara huweza kupita kilo 100, ilhali huyu wa huku mara nyingi hata sentimita 30 hafiki. Ni wa manjano, ana milia myeusi ubavuni na mapezi ya chini ya rangi ya machungwa. Huenda kwa makundi, hula mchana, na mara nyingi hukaa karibu na sakafu ya ziwa. Basi shusha chambo mpaka chini, kipandishe kiasi cha shibiri moja, kitikise kidogo, kisha ukiache kitulie. Mara nyingi huuma pale kinapotulia. Dakika 20 zikipita bila ya kuumwa, hama utoboe kwingine. Ukimpata mmoja, rudisha mshipi upesi, kwani wenzake wako papo hapo. Unapomshika, laza miiba ya mgongoni kwa kiganja kutoka kichwani, isikuchome.

Tano, usiwashe jiko ndani ya hema lililofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Sita, fuata sheria na usifanye israfu. Mkaazi aliyetimiza miaka 16 anahitaji leseni, na idadi ya samaki wa kuchukua kwa siku ina mpaka wake. Samaki aliyevutwa kutoka kina kirefu, zaidi ya mita 9, mara nyingi haponi hata akirudishwa majini. Kwa hivyo mkishapata wa kuwatosha, acheni.

Mwisho, ichungeni Sala. Katika mwezi wa Disemba jua huku huzama kiasi cha saa kumi na nusu, na kati ya Adhuhuri na Magharibi muda ni mchache. Twachukua mkeka mzito na kuswali jamaa papo hapo barafuni, kisha twakusanya vyombo kabla ya giza. Watoto hupenda kuuliza tumepata samaki wangapi. Sisi kwanza twahesabu watu, tukiwapata wote ndipo twahesabu samaki.

Wabillahi tawfiq.